*STIMA NI YETU: MKATABA UMEFUTWA, MLANGO BADO U WAZI*

_Taarifa ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wote_
_Mombasa, Novemba 2024_

Wanachama wenzetu, wazee wetu, kina mama na vijana,

  

Alhamisi tarehe 21 mwezi huu Rais alisimama mbele ya Bunge akaamuru wizara za uchukuzi na kawi zifute mipango yote miwili na kampuni ya Adani ya India: ule wa uwanja wa ndege wa JKIA na ule wa njia kuu za stima. Wabunge wakasimama wakashangilia. Wengi wenu mmetuandikia tangu siku hiyo mkiuliza, je, tumeshinda? Je, mambo yamekwisha?

Jibu la Kamati ni hili: mkataba umekufa, lakini tabia iliyouzaa ingali hai. Tunaomba msome taarifa hii mpaka mwisho kabla ya kuisambaza. Ni ndefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Lilikuwa la miaka 30.

*1. Kilichokuwa kinatolewa*

Tuanze na mpangilio wa stima, maana anayetaka kukuchukulia kitu hupenda usijue jina lake.

Stima ya Kenya hupita mikono mitatu. KenGen na kampuni binafsi huizalisha. KETRACO, iliyoundwa mwaka 2008 na kumilikiwa na serikali asilimia 100, hujenga na kusimamia njia kuu za msongo mkubwa. Kenya Power huisambaza hadi nyumbani kwako, na humo serikali ina hisa asilimia 50.1, zilizobaki zikiuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Tarehe 11 Oktoba Waziri wa Kawi alitangaza kuwa KETRACO imetia saini mkataba na Adani Energy Solutions. Thamani yake ni shilingi bilioni 95.68, yaani dola milioni 736. Kampuni hiyo ingetafuta pesa, ingejenga njia za msongo mkubwa na vituo vyake, halafu ingeziendesha na kuzitunza kwa miaka 30. Miongoni mwa njia hizo ni ile ya kutoka Gilgil kupita Thika na Malaa hadi Konza, na ile ya Rongai, Keringet hadi Chemosit.

Kuna wanaosema, "Hiyo ni Bonde la Ufa na Nairobi, sisi wa Pwani yatuhusu nini?" Yatuhusu, kwa sababu gridi ni moja na bei ni moja. Mkazi wa Likoni na mkazi wa Kericho hulipa kwa kiwango kile kile kilichoidhinishwa na EPRA. Gharama ikiingia Gilgil, itatokea kwenye tokeni yako Kisauni.

*2. "Hatuuzi, ni ubia tu"*

Neno hili mmelisikia sana, na mtalisikia tena. Serikali ilisema njia hizo zingerudi kwa KETRACO muda ukiisha, kwa hiyo hapakuwa na uuzaji.

Tuseme kweli. Mtoto aliyezaliwa Oktoba mwaka huu katika hospitali ya Makadara angekuwa na miaka 30 siku mkataba huo unaisha. Angesoma, angeoa, angelea watoto, akilipa kila mwezi pesa ambazo sehemu yake inakwenda kwa mtu ambaye hakumchagua, kwa mkataba ambao hakuusoma. Ukimpa mtu ufunguo wa nyumba yako kwa miaka 30, naye ndiye anayepokea kodi, tofauti ya "kuuza" na "kukodisha" wataiona mawakili. Wewe uliye nje ya mlango hutaiona.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuja na jembe lake, ni kweli. Lakini alitaka na shamba.

Na tuangalie shamba lenyewe ni la namna gani. Duka moja likipandisha bei ya unga, utavuka barabara uende duka la pili. Njia ya msongo mkubwa haina duka la pili. Ni moja tu, na stima yote ya eneo lile hupita humo humo. Ndiyo sababu sisi tunasema mali ya aina hii haifai kumilikiwa na mtu wa faida peke yake, awe wa nje au awe wa hapa hapa. Wa nje ana uzito zaidi kwa jambo moja: ukigombana naye, mara nyingi kesi haisikizwi Mombasa wala Nairobi. Mikataba ya namna hii hupeleka ugomvi kwa waamuzi wa ng'ambo, na anayeshindwa hulipa kwa dola.

*3. Mjenzi si mwenye nyumba*

Wanaotetea mkataba hutuambia, "Mwapinga wawekezaji. Bila wao mtakaa gizani." Hapa lazima tutofautishe vitu viwili vinavyochanganywa kwa makusudi.

Njia kubwa inayotuunganisha sisi wa Mombasa na Nairobi ina urefu wa karibu kilomita 480. Ilijengwa kwa mikopo ya mabenki ya maendeleo na pesa za serikali. Wakandarasi walijenga, wakalipwa, wakaondoka. Njia ikabaki ya KETRACO. Hakuna aliyeandamana kuipinga, na sisi hatukuipinga.

Vilevile mwaka 2006 Kenya Power ilipewa wasimamizi kutoka kampuni ya Manitoba Hydro ya Kanada kwa miaka 2. Walifanya kazi yao, muda ukaisha, wakafunga mizigo. Mtu anaweza kusifu kazi yao au kuilaumu, lakini walikuwa waajiriwa. Kampuni ilibaki ilipokuwa.

Kwa hiyo tusibandikwe jina la wachukia wageni. Mafundi waje, mashine zije, hata mikopo ije kwa masharti yanayosomeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachokataa ni mwenyeji kuugua ili mgeni anenepe.

Na neno kwa vijana wetu wanaoandika matusi juu ya Wahindi katika makundi ya simu: acheni. Tawi hili halina ugomvi na Mhindi. Mji huu uliingiziwa stima na mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliyepata mtambo uliokuja kuwa wa Kampuni ya Umeme ya Mombasa mwaka 1908. Majirani zetu wa Kihindi wanalipa tokeni kama sisi na wanakatikiwa stima kama sisi. Ugomvi wetu ni na mkataba, na waliouandaa upande huu wa bahari.

*4. Tulikwishapita njia hii*

Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Mwaka 1932 kampuni hiyo ikachukua hisa nyingi za kampuni ya umeme ya Tanganyika. Wakati wa ukoloni stima ilikuwa biashara ya wenye mitaji, na ilikwenda mahali penye wateja wa kulipa. Mtaa wa Mwafrika ulingoja. Baada ya uhuru Tanzania ikanunua hisa zile mwaka 1964. Kwetu jina Kenya Power and Lighting lilikuja mwaka 1983. Mataifa haya hayakuchukua stima mikononi mwao kwa kupenda mashirika ya umma. Yaliichukua kwa sababu waya uliachiwa faida peke yake haukufika vijijini.

Majirani wamejaribu kurudi nyuma, na hesabu yao iko wazi. Tanzania iliikabidhi TANESCO kwa wasimamizi wa kampuni ya NetGroup ya Afrika Kusini mwaka 2002, wafanyakazi wakipinga. Mwaka 2006 mkataba huo ukaisha na shirika likarudi mikononi mwao.

Uganda iliipa Umeme usambazaji wa stima kwa miaka 20 kuanzia 2005. Tusiwe waongo: chini ya Umeme upotevu wa stima ulishuka sana na wateja waliongezeka sana. Hilo ni jema. Lakini bei ilibaki malalamiko ya kila siku, hata serikali yao ikaamua kutouongeza mkataba. Uliisha Machi 2025, na wakavutana juu ya kiasi gani cha dola Uganda ilipe ili ipokee waya zake yenyewe. Kuingia ilikuwa saini. Kutoka ni bili.

*5. Sisi wenyewe tuna kidonda*

Msiende mbali. Muulizeni yeyote anayeijua habari ya Ziwa Turkana.

Kule Loiyangalani kuna mitambo 365 ya upepo, jumla megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kuileta stima hadi Suswa haikuwa tayari, kwa sababu mkandarasi wa Kihispania alifilisika katikati ya kazi. Ilibidi kungoja hadi Septemba 2018. Katika muda huo upepo ulivuma, stima haikufika, na bado mkataba ulitaka mwekezaji alipwe. Mabilioni ya shilingi yakatozwa Wakenya kwa stima ambayo haijawasha hata balbu moja.

Tunalitaja hili kwa haki pande zote. Linaonyesha kwamba njia za msongo mkubwa zinahitajika kweli, na kwamba kuchelewa kuzijenga ni hasara. Linaonyesha pia kwamba mwekezaji wa nje hujikinga vizuri sana kwenye karatasi, na upande wetu huweka saini bila kujikinga.

Sasa chukua simu yako. Fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni. Utaona pesa ulizotuma, halafu utaona zilivyokatwa: mafuta, ubadilishaji wa fedha za kigeni, mfumuko wa bei, EPRA, REP, kodi ya VAT. Ile tozo ya fedha za kigeni ipo kwa sababu tuna madeni na mikataba ya dola. Shilingi ikianguka, wewe muuza samaki wa Old Town mwenye friza moja ndiye unayeziba pengo. Mwekezaji haanguki na shilingi yetu. Mkataba mwingine wa miaka 30 ungekuwa mzigo mwingine juu ya kichwa kile kile.

*6. Nani aliyeuzuia?*

Hapa tunataka wanachama mtazame kwa makini, maana historia ya mwezi huu imeanza kuandikwa vibaya.

Habari za JKIA zilifichuka Julai kwa raia aliyetoa nyaraka hadharani, si kwa serikali kutangaza. Tarehe 9 Septemba Mahakama Kuu ikausimamisha mpango huo. Tarehe 11 Septemba wafanyakazi wa viwanja vya ndege wakagoma. Kisha, mpango wa kwanza ukiwa bado mahakamani, ukaletwa mkataba wa stima kwa kampuni ya kundi lile lile. Chama cha Mawakili, LSK, kikaenda mahakamani kikisema umma haukushirikishwa, na tarehe 25 Oktoba Mahakama Kuu ikausimamisha na huo.

Hao ndio walioushika mlango: raia, wafanyakazi, mawakili na majaji.

Tarehe 20 Novemba waendesha mashtaka wa Marekani wakamfungulia Gautam Adani mashtaka ya ulaghai yanayohusu madai ya hongo katika miradi ya umeme nchini India. Kampuni ilikana, na hilo lilikuwa la mahakama yao kuamua. Siku iliyofuata Rais akafuta. Siku hiyo hiyo Waziri wa Kawi alikuwa akiwaambia maseneta kwamba mkataba wa stima haukuwa na ufisadi wowote.

Tujiulize basi. Wakenya walilalamika tangu Julai, wakaambiwa hawaelewi. New York ikanena siku moja, ikasikika siku ya pili. Sisi twashukuru mkataba umefutwa. Lakini serikali inayosikia sauti ya ng'ambo kabla ya sauti ya mwenye nyumba ndiyo ile ile inayotia saini na ng'ambo kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Na kama mashtaka yale yasingetoka? Je, kesho akija mwingine mwenye jina safi na karatasi mbaya zile zile?

Kwa wakubwa wa siasa waliotuambia tunyamaze kwa ajili ya maendeleo, wakiwemo wa chama chetu, tunasema kwa adabu: tawi hili halikuundwa ili kupiga makofi. Liliundwa na watu wanaonunua tokeni ya shilingi 50. Heshima yetu kwenu ipo, lakini hatutawasemea jambo ambalo hatuwezi kulieleza mlangoni kwa mwanachama.

*7. "Basi pesa zitatoka wapi?"*

Hili ndilo swali la haki, na anayepinga bila kulijibu anapiga domo tu. Ndugu zetu wa magharibi mwa nchi wanakatiwa stima jioni kwa sababu njia zimezidiwa. Hatuna ruhusa ya kuwaambia wavumilie giza ili sisi tufurahie ushindi.

Pesa zipo. Februari mwaka huu serikali iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu. Ilitaka shilingi bilioni 70. Wenye pesa wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 288, na serikali ikachukua karibu bilioni 241. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya mkataba wote wa Adani, na ilipatikana katika soko letu, kwa shilingi. Riba ilikuwa kali, zaidi ya asilimia 18, hilo hatulifichi. Lakini riba ile inaonekana na kila mtu, ina tarehe ya mwisho, na haikumpa mtu yeyote ufunguo wa gridi.

KenGen nayo ilikopa kwa umma kwa hati fungani mwaka 2009, na umma ukaitikia. Na mwaka 2017 M-Akiba ilionyesha kwamba mtu anaweza kuikopesha serikali kwa simu akianza na shilingi 3,000. Ikiwa lazima mtu apate faida kwa kujenga waya wa Kenya kwa miaka mingi, basi awe ni mwalimu mwenye akiba yake, chama cha kina mama, na mfuko wa pensheni wa makuli wa bandari.

*8. Madai ya tawi*

Kamati inadai, na itapeleka kwa mbunge wetu na makao makuu ya chama kwa maandishi:

Moja. Mkataba wa tarehe 11 Oktoba uchapishwe wote, pamoja na barua ya kuufuta na madai yoyote ya fidia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mbili. Njia zile zijengwe, na zijengwe haraka, kwa zabuni ya wazi na ya ushindani kama kifungu cha 227 kinavyotaka, zikibaki mali ya KETRACO tangu siku ya kwanza.

Tatu. Mkataba wowote wa kumpa mtu binafsi njia kuu za stima, kituo cha kuzalisha au usambazaji kwa miaka mingi upite Bungeni na kwa umma kwanza. Na kushirikisha umma si tangazo la Kiingereza katika kona ya gazeti. Ni kikao, kwa Kiswahili, katika kaunti, nakala zikiwa mezani.

Nne. Mikataba ya kuuziwa stima na kampuni binafsi iwekwe hadharani, tujue ipi inalipiwa hata stima isipotumika.

*9. Kazi yako wewe mwanachama*

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ufa tumeuona, kwa hiyo:

Hifadhi ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu. Uchapishe au umpe katibu wa mtaa auandike. Tunataka kwenda kwa mbunge na karatasi, si na hasira tupu.

Mweleze mtu mmoja asiye mwanachama tofauti ya mjenzi na mwenye nyumba. Mmoja tu. Kinyozi, mchomeleaji, mwenye kinu cha unga, mama ntilie, yeyote ambaye kazi yake hulala stima ikilala.

Kikiitishwa kikao chochote cha maoni ya umma kuhusu kawi, njoo. Viti vitupu ndivyo saini yao ya kwanza.

Na ukisikia neno "mwekezaji wa kimkakati", uliza maswali manne: Atakaa miaka mingapi? Atalipwa kwa pesa gani? Tukigombana, kesi itasikizwa wapi? Na karatasi iko wapi tuisome? Asiyeweza kujibu manne haya asipewe waya wetu, awe ametoka Ahmedabad, London, Beijing au Muthaiga.

Stima hii iliwekwa kwa kodi ya wazee wetu na inalipwa kwa jasho letu kila tunapobonyeza namba za tokeni. Waliotutangulia walingoja muda mrefu iwafikie. Wanaokuja nyuma yetu wasije wakailipia kwa mwenye nyumba asiyeijua hata mitaa yao.

Tuko macho. Tuko pamoja.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi kwa niaba ya wanachama.*
_Sambaza kwa wanachama wa mtaa wako. Usikate, usiongeze._